Bei ya Mwenyeji

Kalenda ya duka la mbao
imetundikwa jikoni tangu Januari:
Unguja, maji ya buluu kama mche wa sabuni,
mnazi mmoja umeinama kama unadukua siri.
Lusweti aliitazama miezi mitatu akila ugali,
kisha akasema, Agosti twende kisiwani.
Hivyo tu. Mtu wa Kitale
ambaye hata mtaro wa maji machafu
huuvuka kwa macho kwanza, miguu baadaye.

Nikachukua daftari la hesabu la Sikuku
(alizaliwa Krismasi, tukampa jina la likizo,
na likizo yenyewe hajaionja),
nikapiga mstari katikati ya ukurasa.
Kulia: treni, meli, chakula, kitanda cha watu watatu.
Kushoto: mshahara wangu wa duka la dawa
na ule wa Lusweti, mvua ya Januari,
ukija hauloweshi.

Usiku wa kwanza tulifika Unguja.
Usiku wa pili, kifutio mkononi, tukaishia Mombasa.
Usiku wa tatu karo ya muhula ilibisha hodi,
tukashukia Voi, njaa inatuuma.
Wa nne ulitukuta Migosi, mezani petu,
makombo ya kifutio yametapakaa kama chawa weupe,
na Lusweti, akichonga penseli kwa kisu cha vitunguu,
akauliza: Kwani ziwa letu halina visiwa?

Linavyo.
Sikumjibu haraka.
Nimeishi Kisumu miaka ishirini
nikiligeuzia ziwa kisogo
kama mtu anayenidai.

Gari hadi Luanda Kotieno. Feri hadi Mbita.
Mashua ya injini hadi Mfangano.
Hesabu ilikubali mara moja,
ikabakisha hata mia nne za soda.

Nilipiga simu nikiwa nyuma ya kaunta,
kati ya dawa za minyoo na za kikohozi.
Akapokea kijana. Sauti yake ilikuwa na ule mtindo
wa shangazi zangu, wa kukokota mwisho wa neno
kama mtu avutaye kiti kwenye sakafu ya udongo.
Ana vyumba vitatu, alisema, vyandarua vipya,
samaki asubuhi ukimtaka,
na mbele ya mlango pana jiwe bapa, pana kama sebule.
Wageni hulipenda mno.
Hujilaza juu yake wakapigwa picha.

Nalijua jiwe hilo.
Nyanya yangu aliliita meza, akianika omena,
nami, wa miaka mitano, na bua la mtama mkononi,
ndimi niliyekuwa serikali ya kunguru.
Joto lake bado limo kwenye nyayo zangu.

"Umewahi kufika kwetu, mama?"

Mteja aliingia na karatasi ya daktari.
Nikamwinulia kidole: ngoja.
Kuna shamba lililouzwa
udongo wa kaburi la baba haujakauka.
Kuna mashua iliyotubeba na sufuria tatu,
mama akitazama mbele, mbele tu.
Kuna baba mdogo ambaye kwetu
hata kwenye sala hatajwi.

"Bado," nikasema. "Ndiyo mara ya kwanza."

"Basi nikueleze. Tuna bei mbili:
ya mgeni, na ya mwenyeji, ambayo ni nusu.
Ila wenyeji," akacheka, "hawaji.
Nani alipie kitanda kwao?"

Jioni Lusweti aliuliza habari za maboya ya kuvaa,
mara ya kwanza, ya pili, na tena taa ikiwa imezimwa.
Sikuku ameshafungasha: gambuti,
shati la kanisani, na rula,
sijui ya kupimia nini.

Asubuhi nikaandika. Watu watatu. Kulala mara mbili.
Bei niliyoiweka ni ile kamili.
Lusweti akainamia daftari, chai mdomoni.
Hakuna punguzo?

Lipo, nikasema. Linataka kitambulisho.

Akanyoosha mkono kukifuata kifutio.
Nikauzuia.